Kirutubisho cha Kuku Kwenye Uji wa Mume

Mama Mizani alimtilia mumewe kirutubisho cha kuku kwenye uji, na mume akalazwa. Hilo halikani wala halipambi. Linalomkosesha raha sasa ni jingine: mume ametoka hospitali, na hataki kumeza dawa yoyote.

Ni saa moja asubuhi. Yuko kwenye kinu cha chakula cha mifugo, ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, barakoa imeshuka shingoni, anashona midomo ya magunia. Vumbi la mahindi yaliyoparazwa limemkaa kwenye kope. Simu iko pajani. Anaipiga, anasikiliza, anaishusha.

"Hapokei," anasema. "Labda yuko bafuni."

Anapiga tena.

Mpakiaji anapita na gunia begani. "Mama Mizani, mwache mzee apumue. Utammaliza kwa simu."

"Beba mzigo wako, wangu niachie."

"Haya, mama. Ila hilo gunia umelishona pamoja na gauni lako."

Anatazama chini. Ni kweli. Wapakiaji wanaangua kicheko, naye anacheka kidogo huku akikata uzi, lakini jicho halibanduki kwenye simu.

Kushona magunia si kazi yake ya zamani. Kwa miaka tisa alikuwa mtu wa mizani. Ndiye aliyepima chumvi, chokaa na vile virutubisho vya unga mweupe ambavyo gramu chache hutosha gunia zima. Hakuna mfugaji aliyewahi kurudi kulalamika kwamba kapunjwa. Jina lilitoka huko, na limebaki, ingawa mizani yenyewe sasa inashikwa na mwingine.

Mambo yalianzia kwa kuku wa mteja mmoja. Walikuwa wanadonoana hadi damu. Msambazaji wa virutubisho, ambaye pale kinuni wanamwita Daktari wa Kuku ingawa hajawahi kumtibu hata kifaranga, alipima chakula chao akasema kimepungukiwa triptofani.

"Ni asidi amino," aliwaeleza. "Mwili hauwezi kuitengeneza. Lazima iliwe. Ubongo unaitumia kutengeneza kemikali ya kutuliza moyo na kuleta usingizi. Kuku akiikosa, anakuwa mkorofi."

"Na binadamu?" Mama Mizani aliuliza.

"Binadamu naye hivyo hivyo, haitengenezi."

Wiki chache baadaye mteja alirudi anacheka. Kuku wametulia, manyoya yameanza kuota. Wengine walifurahia biashara. Mama Mizani alikuwa akimfikiria mumewe.

Mumewe ni fundi rangi. Mwaka jana ngazi ilimponyoka akaanguka kutoka ghorofa ya kwanza, akavunjika mguu. "Mguu ulipona, mtu hakurudi," anasema mkewe. Fundi aliyekuwa akiimba juu ya ngazi hadi wenye nyumba wanamwomba apunguze sauti, sasa alikaa pembeni ya kitanda akitazama ukuta. Halali. Akisemeshwa, anafoka. Chakula chake kilikuwa chai ya rangi na mkate mkavu. Sahani nyingine zote zilirudi jikoni kama zilivyokwenda.

"Nikasema, huyu naye amepungukiwa kama wale kuku," anasema Mama Mizani. "Mfa maji haachi kutapatapa. Ufunguo wa stoo nilikuwa nao mimi; nilichota kijiko cha ule unga wa triptofani, nikafunga kwenye karatasi, nikaenda nacho nyumbani."

Hakumwambia, kwa kuwa alijua jibu lake. Uji ulikuwa mzito, wenye sukari nyingi, na safari hii mume aliumaliza. Mke alifurahi. Kesho yake akaongeza kipimo.

Siku ya nne, mchana, mikono ya fundi ilianza kutetemeka. Jasho likamtoka kama aliyemwagiwa maji, miguu ikawa inarukaruka yenyewe, na moyo ukamwenda mbio hadi shati likawa linatikisika. Akawa anasema maneno yasiyoshikana. Jirani mwenye gari aliwakimbiza hospitali.

Daktari wa zamu, mwanamke wa umri wa binti yao, aliuliza: "Mama, mzee anatumia dawa yoyote?"

"Hatumii."

"Natumia," alisema fundi kutoka kitandani.

Hapo ndipo mke alipojua. Kwa majuma kadhaa mumewe alikuwa akienda kliniki kimyakimya na kupewa vidonge vya sonona. Alivificha kwenye kopo la rangi iliyokauka.

"Mwanamume utaanzaje kumwambia mkeo unameza vidonge vya huzuni?" anauliza fundi. Ni moja ya sentensi chache alizokubali kusema kwa ajili ya habari hii.

Daktari akauliza kama kuna kingine. Mama Mizani akamweleza habari ya ule unga kwenye uji.

"Ile triptofani mwili huigeuza kuwa serotonini," daktari anafafanua. "Vidonge vyake navyo kazi yake ni kuifanya serotonini ikae zaidi kwenye ubongo. Ukirundika vyote viwili, inazidi, na ikizidi inaweza kuua. Yai, maziwa, maharage, karanga, samaki, humo imo kwa kiasi chake na haina neno. Lishe mbaya inaweza kuuchosha moyo, lakini usitegemee yai litibu sonona peke yake. Na unga wa kuku ni wa kuku."

Fundi alitulia baada ya siku tatu. Nyumba ndiyo haikutulia. Wifi mtu alikuja wodini, akamsikiliza Mama Mizani hadi mwisho, akamgeukia kaka yake. "Kikulacho ki nguoni mwako. Limbwata siku hizi lina jina la kizungu." Hajakanyaga kwao tangu siku hiyo.

Mwenye kinu naye hakupiga kelele. "Mimi na wewe hatuna ugomvi," alimwambia. "Lakini ufunguo wa stoo lete." Mshahara ukapungua kwa robo.

Simu inalia. Mama Mizani anaidaka kabla ya mlio wa pili.

"Umekula?"

"Nimekula." Sauti ya fundi ni nzito, ya mtu ambaye hajalala.

"Nini?"

"Yai."

Fundi siku hizi anakula vitu vyenye maganda tu: mayai ya kuchemsha, karanga za kumenya, ndizi. Anamenya mwenyewe. Mkewe humnunulia na kumwekea mezani bila kugusa kitu kingine, kwa sababu yai halitiliwi kitu. Ni chakula kilekile ambacho daktari angempangia, na fundi anakila kwa kumwogopa mpishi.

Vidonge ndivyo vigumu. Daktari amesema aanze upya taratibu, chini ya uangalizi, na amewapangia Alhamisi. Bila dawa, usiku fundi anatembea chumbani hadi alfajiri, na juzi alimuuliza mkewe kama ile ngazi bado ipo. Kwa hofu ya atakachofanya nayo, mke aliiuza asubuhi yake.

"Alhamisi nitakwenda naye. Nitakaa nje, daktari amfungulie kidonge mwenyewe, mimi nisikiguse," anasema Mama Mizani. "Akikimeza, mengine tutayazungumza. Ameniambia ataona. Sijui ataona nini."

Anachukua gunia jingine. Akiulizwa hasara, haanzi na mshahara. Anataja wifi aliyekuwa akimsuka nywele kila mwezi. Anataja siku tatu za wodini, ufunguo wa stoo, ngazi ya kazi ya mumewe. Anataja vidonge ambavyo vilikuwa vimeanza kumsaidia mtu, naye hakujua. Halafu anamtaja fundi mwenyewe, ambaye kwa miaka ishirini na sita alikunywa chochote alichopewa na mkono wake, na sasa akiletewa kikombe hunusa kwanza, hata kikiwa cha maji.