Nilivyoenda kwa Wakwe Nimevaa Mfuko wa Maskini

Haya, chekeni kabisa mmalize, maana aibu hii nimeibeba peke yangu vya kutosha: mimi ndiye nilienda kwa wakwe huko Soy nimevaa mfuko wa plastiki.

Mfuko wenyewe hatukuuomba. Watu wa kukusanya nguo kuukuu waliuacha mlangoni kwetu Eldoret, ati tuujaze, watarudi (hawakurudi). Mama yangu naye hatupi plastiki, juala la mkate anaosha, nailoni ya ndani ya gunia la mbolea anaosha, anaanika zote kwa ua mpaka majirani wanauliza kama tunauza. Basi siku ya kujitambulisha kwa kina Jepchumba, mchumba wangu, mvua ikamwagika, nikatoboa ule mfuko pa kupitisha kichwa na mikono, na Mama akaniambia, "Geuza maandishi yaende ndani," mimi nikakataa, upande wa nje ndio ulikuwa unang'aa. Na Jepchumba alikuwa amenionya kwamba baba yake hataki kabisa mtu wa shida.

Nikafika, nikageuka kukwangua matope viatuni, na mama yake, ambaye hakuwa amewahi kuniona, akasoma mgongo wangu (haya aliniambia baadaye): NGUO ZA KUSAIDIA MASKINI.

"Pole sana, kijana yangu. Ingia."

Nikavua mfuko, akanivika koti la mzee, zito, limechakaa viwiko tu, akaongeza mkebe wa gorogoro umejaa mahindi. Moyo ukanipanda: kumbe nimeshapendwa hata kabla ya kusema neno!

"Asante, Mama. Sasa mimi nimekuja juu ya Jepchumba."

"Za Jepchumba hakuna," akasema kwa huruma. "Hizo bado anavaa."

Kabla sijaelewa, Mzee akaingia, Jepchumba nyuma yake. Akatazama koti lake, akatazama mfuko kwenye kiti.

"Baba," Jepchumba akasema kwa sauti ndogo, "huyu ndiye yule mwalimu niliyewaambia."

Nilitaka kulia, jamani.

"Nilisema sitaki mtu wa shida," Mzee akasema, "na huyu amekuja na maandishi!"

Mama Jepchumba akacheka mpaka akakaa chini. Mzee alijaribu kukunja uso, ukamshinda.

"Koti ubaki nalo," akaniambia. "Lakini kwa habari ya msichana, urudi na wazee wenu, ukiwa umekauka."

Nilimpenda yule mzee pale pale. Tulirudi na wazee, tukapewa Jepchumba. Lakini plastiki mwilini mwangu tena, hapana. Mvua inyeshe, nitalowa.