Njia Inayoishia Kwenye Migomba

Miaka ile ya sabini nilikuwa fundi baiskeli Soweto, Mbeya. Darasa la saba nilishamaliza, mdomo ndio haukumaliza. Siku moja mpima ramani akaniletea baiskeli yenye pancha. Mtu wa Mlandege, Iringa, amevaa koti kama anaenda kuoa. Wakati nazamisha tyubu kwenye beseni kutafuta tundu, yeye akatandaza picha kwenye meza yangu, juu ya spana.

"Hizi zimepigwa kutoka kwenye ndege," akasema. "Hii ya zamani, hii ya juzi. Naangalia shamba lipi limegeuka mji."

Penye nyumba alipaka nyekundu, penye shamba kijani. Akaweka miwani yenye miguu juu ya picha mbili zilizofanana, akaniambia chungulia. Weee! Mlima Loleza ukasimama, nikarudisha kichwa usinichome jicho. Akacheka mpaka koti likafunguka.

Pancha nikaisahau. Nikatafuta bomba la maji, nikalipata. Kanisa, nikalipata. Nikafuata mpaka kwetu. Kwetu kijani.

"Ndugu, hapa umepaka nini?"

"Migomba."

"Mama yangu anaishi humo."

"Humo? Mimi naona majani. Na kwenye kijani ndiko itapita barabara mpya, maana hakuna wa kuhamisha."

Sisi Wanyakyusa nyumba tunaizungushia migomba mpaka inapotea. Yeye angejulia wapi? Kwao nyumba iko wazi, hata kuku akipiga chafya unamwona.

"Kama kuna nyumba, nionyeshe bati," akasema.

"Ya nyasi."

"Basi sina cha kupaka."

Nikarudi kwenye miwani. Kutoka bombani kulikuwa na mstari mweupe, unaingia kwenye migomba yetu, upande wa pili hautokei.

"Sasa ndugu, hii njia. Watu wanaingia humo halafu wanaliwa na migomba?"

Akainama kwenye miwani. Akaufuata ule mstari mpaka tyubu ikakauka. Kisha akachukua penseli nyekundu, akaweka kidoti juu ya kile kijani. Akaanza kutafuta njia nyingine zilizoishia kwenye migomba, akawa anawapata majirani zangu mmoja mmoja, na mimi namtajia majina. Tukawa kama watoto wanaotafuta panzi.

Ghafla akauliza, "Lakini njia ya kwenu mbona pana kuliko ya kanisani?"

"Mama ana ndugu wengi."

Ukweli ni kwamba mama alikuwa anapika kimpumu, pombe yetu ya ulezi, na kibali hana. Jioni nikamsimulia yote. Kusikia barabara haitapita kwetu, akapiga kigelegele. Halafu akakikatisha katikati.

"Hiyo njia inaonekana mpaka huko juu?"

"Nyeupe kabisa, mama."

"Na polisi nao wanazo hizo picha?"

Asubuhi akanipa jembe. Tukapanda migomba mitatu katikati ya njia, na "ndugu" zake wakaanza kuja kwa kupenyapenya pembeni, kila mtu na kona yake.