Mfereji Uliovuja kwa Bibi

Harufu ya saruji mbichi hunirudisha kwa Bibi, kijijini kwetu juu ya mji mdogo wa Maji ya Chai, mwaka ule mfereji uliposakafiwa. Kabla ya hapo ulikuwa mfereji wa udongo tulioachiwa na mababu, na ulivuja kila mahali. Ulipopita nyuma ya jiko la Bibi, maji yalipenya ukingoni yakazama kwenye migomba yake, na ardhi pale ilikuwa na unyevu hata kiangazi. Kila mtoto aliyezaliwa katika boma lile, kitovu chake kilizikwa penye mgomba, na mgomba huo ukawa wake. Wangu ulikuwa karibu na zizi la mbuzi. Wa Shangazi Naomi, dada yake Baba aliyekufa kwa surua kabla hajaanza shule, ulikuwa kando kabisa ya mfereji. Bibi aliusalimu kila asubuhi kwa Kimeru, kwa sauti ya mtu anayeamsha mtoto. Mimi niliogopa sana, nikidhani siku moja utaitika.

Baba alikuwa mwenyekiti wa kamati ya mfereji. Wakulima wa chini, kuelekea Kikatiti, walikuwa wakipanda mahindi na kuvuna mabua, kwa kuwa zamu yao ilipofika, mfereji ulikuwa umebaki tope. Watu waliosali kanisa moja walishatishiana mapanga. Basi mkutanoni Baba akasimama, akasema, "Ndugu zangu, maji yanapotea njiani. Tukisakafia, yatatutosha wote." Makofi yakapigwa, na Bibi naye akapiga, akijivunia mwanawe. Hakuna aliyeuliza yanapotelea wapi.

Mafundi walipoondoka, maji yalianza kupita kasi, kimya, kama mgeni asiyetaka kusalimia. Kiangazi kile migomba ya Bibi ikageuka manjano. Alibeba ndoo mpaka mgongo ukamshinda, nasi tukabeba naye, lakini ardhi ilikunywa bila kushiba. Baba, kwa uchungu, alichimba chipukizi la mgomba wa Naomi akalipanda nyumbani kwetu kando ya barabara kuu, penye kifusi. Bibi akamtania, "Mgomba changaraweni haupandwi ukamea, mwanangu." Alicheka peke yake. Chipukizi likakauka, na kule juu mgomba wenyewe ukaanguka.

"Sasa Naomi akija atafikia wapi?" Bibi aliuliza.

Tulimhamishia kwetu. Tangu hapo, kila asubuhi tulikuta bomba la uani limefunguliwa kidogo, maji yakichuruzika, naye amekaa kando yake na kanga yake begani.

"Mama, maji yanapotea," Baba alimwambia huku akilifunga.

"Hayapotei, baba. Yanakwenda kwa Naomi."

Bibi alishafariki, na tulimzika kule juu, kwenye udongo mkavu. Wakulima wa chini siku hizi wanajaza malori nyanya, na watoto wao wanasoma. Siwezi kusema tulikosea, na hilo ndilo linaloniuma. Juzi nilikwenda kumwamkia Baba, ambaye sasa ni mzee na anaishi peke yake. Nikiwa bado mlangoni, nilisikia maji yakichuruzika uani. Nilikwenda moja kwa moja kulifunga bomba. Baba alikuwa ameketi kando yake, akanishika mkono.

"Liache kidogo," akasema.