Rufaa ya Mjukuu

Juzi nilikaa kwenye benchi la zahanati moja hapa Same nikingoja dawa ya kikohozi. Mbele yangu alikuwapo bibi mmoja kutoka kijiji cha Mhezi na mjukuu wake wa kike, mtoto wa miaka mitano asiyesema neno. Ukimwita jina hageuki, ila lori likinguruma barabarani yeye ndiye wa kwanza kusikia. Kandambili tulizovua mlangoni alishazipanga mstari mmoja, kubwa hadi ndogo, na hakuna aliyethubutu kuzigusa.

Zamu yao ilipofika, mlango ulibaki wazi, tukasikia yote.

"Shikamoo bibi. Huyu nitampa rufaa ya Moshi," daktari akasema.

"Marahaba. Rufaa? Kwani nani amemshtaki?"

"Hakuna kesi, bibi."

"Rufaa naijua, mwanangu. Niliikata kwa ajili ya mfereji wangu wa maji, nikashinda. Haikatwi kabla ya hukumu."

Daktari akavua miwani. "Ya hospitali maana yake ni wakubwa zaidi yangu wamwangalie upya."

Bibi akakunja kidole kimoja kimoja. "Shangazi yake kasema karogwa. Balozi wa nyumba kumi kasema hana adabu. Mwalimu kasema ni bubu. Kumbe hukumu ipo." Akakisogelea kiti cha daktari. "Andika, mwanangu. Na uandike kwamba tunapinga."

Tangu Uhuru tunalia kwamba madaktari ni wachache. Mahakimu, nionavyo mimi, tunao wa kutosha kila nyumba kumi.