Siku Griffins Aliponiletea Matanga kwa Gari Lake

Ijumaa moja nilimlilia mwanangu kama maiti.

Aliyekuwa akiendesha gari la maiti ni yeye mwenyewe.

Usicheke kwanza. Mimi sikusoma sana, niliishia darasa la saba, lakini haya nayaandika kwa wazazi wenye vijana wanaopenda magari ya kuunga. Soma mpaka mwisho, halafu nenda ukaangalie wako anachomelea nini huko nyuma ya nyumba.

Griffins ni mtoto wangu wa pekee. Anakaa Kaloleni, Kisumu, na kazi yake ni kutengeneza simu pale Kondele. Ugonjwa wake ni magari.

Si kuyaendesha. Kuyaongea.

Yeye na rafiki yake Byron wana kikundi kwenye simu, kimejaa mainjinia wasio na hata baiskeli. Asubuhi mpaka jioni ni kutumiana sauti na picha. Mara gari lenye macho ya chura, mara lile la milango inayofunguka juu kama mabawa, mara jamaa ameokota usukani wa lori akauweka kwa kigari kidogo. Wanashangilia kama wametazama harusi.

Pasaka alikuja nyumbani, huku kwetu karibu na Kombewa, na habari njema.

"Mathe, tunaunda gari. Yetu wenyewe!"

"Mnaiunda na nini?"

"Pua ni ya Peugeot, ile ya mahedimasta wa zamani. Mkia tumepata kwa vyuma vikuukuu. Mrefu, Mathe! Vioo mpaka nyuma. Hakuna mtu ako na design kama hiyo Kisumu nzima."

"Huo mkia ulikuwa wa gari gani?"

"Gari ya familia."

"Na hiyo familia iko wapi?"

"Mathe, wewe huelewi design."

Kweli, sielewi. Ninachoelewa ni kwamba gari halikatwi katikati bila sababu. Nikamwambia, chuma kilichokufa kwa mwenyewe usikifufue kwako kabla hujauliza kilikufaje. Akacheka. Akaniita waziri wa usalama barabarani.

Sasa hiyo Ijumaa.

Simu yake ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Mimi nina presha, naye anajua. Nilikuwa naanika omena, dagaa wetu wa ziwani, uani, nikasikia honi barabarani. Honi nyingi. Bodaboda, taa zimewashwa mchana, matawi yamefungwa mbele.

Kwetu huhitaji kuelezwa. Ijumaa ndiyo siku watu hutoka mochari kurudi nyumbani kuzikwa.

Nikasimama kwa heshima. Nikaona gari refu jeupe, vioo mpaka nyuma. Nikasema moyoni, pole kwa wenyewe.

Gari likakata kona. Likaingia kwangu.

Nina mtoto mmoja. Simu yake imezimwa. Hesabu hiyo haikuhitaji darasa la nane.

Omena ilimwagika yote. "Uwi! Griffins nyathina, mwanangu! Uwi!" Nilijitupa chini. Jirani yangu Dorca alikuja mbio akanishinda kwa kulia, na ni yeye aliyekuwa akitangazia watu kwamba Griffins ni mvivu.

Mlango wa dereva ukafunguka. Marehemu akashuka, miwani nyeusi usoni.

"Mathe! Si nilikuambia? Cheki design!"

Kila mtu akarudi nyuma hatua mbili. Hata Dorca.

Kiongozi wa bodaboda, kijana anaitwa Owiti, akavua helmeti. "Buda, maiti iko wapi?"

"Maiti gani?"

"Ya Mzee Ogola. Si tumekungoja Kisian tangu asubuhi?"

"Omera! Kumbe hamkuwa mnanisindikiza kwa sababu ya gari?"

Yawa! Mtoto niliyemzaa kwa uchungu alitoka Kisian akiwapungia watu mkono. Kila kituo watu wakisimama, wakivua kofia, naye akiona ni mashabiki. Byron kando yake alikuwa akirekodi video ya kikundi. Mzee Ogola mwenyewe, nilisikia baadaye, alipita nyuma yao bila honi hata moja.

Nikainuka nimpige kofi. Mkono ukakataa. Kifua kikabana, macho yakaingia giza.

"Mathe! Mathe!"

Mbele kulikuwa na viti viwili tu. Basi wakanilaza nyuma wanipeleke hospitali Kombewa. Lazima niseme ukweli: nilinyooka vizuri. Sijawahi kunyooka hivyo ndani ya gari. Chini yangu kulikuwa na vyuma vinavyoviringika, kama vya kusukumia sanduku.

Sanduku gani, hata mtoto wa nasari angejibu.

Owiti na wenzake, kwa vile matawi walikuwa nayo tayari, wakatusindikiza tena.

Tulipofika sokoni gari likakohoa, likazima. Kisha moshi ukaanza kutoka chini yangu. Waya za huko nyuma zilifungwa na Wechuli wa kile kikundi. Wechuli ni fundi wa redio.

Nikapapasa mlango nitafute kishikio.

Hakuna.

Kando ni vioo visivyoshuka. Mbele ni ubao. Sehemu yote ile haikuwa na cha kushika kwa ndani, kwa sababu abiria wake wa zamani hawakuwahi kuomba kushuka.

Nikagonga kioo kwa ngumi. "Nifungulieni! Naungua!"

Sasa jiweke wewe pale sokoni. Gari la maiti, matawi, moshi, na maiti anagonga.

Watu walitimua mbio, wengine wakaacha viatu. Mhubiri aliyekuwa akihubiri ufufuo kwa kipaza sauti ndiye aliyetangulia. Owiti aliacha pikipiki ikinguruma peke yake.

Griffins alikuwa nje akivuta mlango wa nyuma, analia. Kufuli lililofunguka kwa shida kule nyumbani sasa lilikuwa limeganda kwa joto. Walilipaka rangi ling'ae. "Mathe, ngoja! Mathe, usikufe!"

Ningengojea wapi?

Moshi ukanijaa kooni. Nikamwona kupitia kioo, uso ule ule wa alipokuwa mdogo, nikajua sasa ni zamu yake kunililia. Na mimi sitashuka na miwani.

Mtu mmoja tu hakukimbia. Mama mmoja anaitwa Nasipwondi, anauza miwa kando ya barabara.

"Maiti hagongi," akasema. "Huyo ni mtu. Toka hapo, wewe kijana!"

Akainua jiwe alilokuwa amelikalia, akalitupa. Kioo kikamwagika. Wakanivuta kwa mabega, yeye upande mmoja, Griffins upande mwingine, mikono yake ikichanika kwa vioo. Tulipofika ng'ambo ya barabara moto ulikuwa umeshika. Design yote iliungua, mpaka pua ya hedimasta.

Hospitali, Griffins alikaa kando ya kitanda changu, mikono imefungwa bandeji.

"Griffins, ulijua?"

Akaangalia chini.

"Nilijua ni ya maiti, Mathe. Kikundi chote kilijua. Ndio maana tulipata rahisi."

"Na kishikio?"

"Tuliongea injini, tukaongea rangi, tukaongea taa mwezi mzima. Lakini hakuna mtu aliwahi kukaa huko nyuma."

"Kwa nini?"

"Tuliogopa."

Waliogopa. Lakini mama wakamlaza.

Mzazi mwenzangu, kijana akikuletea gari la vyuma vya kuokota, usimuulize linakimbia kiasi gani. Muulize kama mlango unafunguka kwa ndani. Akianza kukuelezea design, kimbia kama yule mhubiri.

Kikundi bado kipo. Juzi Byron ametuma picha ya pua nyingine. Mimi sina shida nao. Nimewaambia gari la pili nitalikagua mwenyewe: wataingia nyuma wote, pamoja na Wechuli, nitafunga mlango, halafu nitaenda kunywa chai.

Wakitoka, basi hilo ni gari.