Nilinunua pikipiki kuukuu ya kuzungukia Rufiji, kumbe mwenyewe alishasomewa hitima

Niliusikia mlio wake kabla sijaiona. Pa-pa... paaa. Pa-pa... paaa. Kama mtu anayekohoa huku anacheka, ukitokea nyuma ya maduka ya Chalinze. Nikajua ndiyo yenyewe.

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenikuta mimi, si jirani wala rafiki wa rafiki. Majina ya watu nimeyabadili, mengine yote ni kama yalivyokuwa.

Kwa wasionifahamu: naandika riwaya ya wakati wa Vita vya Maji Maji. Nilichoka kuiandikia chumbani. Nilitaka kupita kwa magurudumu mawili kule walikopita wale watu kwa miguu: Kibiti, nivuke mto, niingie Mohoro, nipande milima ya Wamatumbi. Mfukoni sina kitu cha maana, hivyo nikatafuta pikipiki ya zamani, Mjapani wa cc 250, chuma kisichoogopa mchanga.

Kosa la kwanza nililifanya palepale. Nilikuta muuzaji ameshaiwasha. Pikipiki kuukuu ikute imelala, gusa injini iwe baridi, ndipo uone inaamkaje. Mimi nilishapenda mlio, na mtu akishapenda hashiki tena injini.

Muuzaji tumwite Seif. Ana miaka thelathini na kitu, kidevu kimenyolewa kikang'aa, mpole.

"Imetembea wapi hii?" nikamuuliza.

"Rufiji. Nilikuwa nanunua kaa kule delta."

"Basi inarudi kwao! Mimi nakwenda hukohuko."

Akatazama tairi kwa muda mrefu, utadhani ameulizwa swali na tairi.

"Kibiti pita tu, mkuu. Hakuna cha kuona. Na hiyo ekzosi ibadili kabla hujaondoka. Nitakupunguzia bei upate nyingine."

Nikakataa. Ekzosi ilikuwa na tundu lililozibwa kwa kipande cha bati, kazi ya mkono, na kile kikohozi chote kilitoka pale. Niibadili kwa nini?

Mengine nilifuata kama tunavyofundishana humu. Jina la kwenye kadi ni lake. Namba ya chesisi inalingana. Mkataba tuliusaini kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwisho nikataka picha yake akiwa amesimama kando ya pikipiki, kadi mkononi. Alisita. Nikamwambia bila picha sinunui. Akasimama.

Nilijiona mjanja sana.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, nikatoka Mbagala alfajiri. Mashine haikunisumbua hata kidogo. Mkuranga, Bungu, mikorosho imesimama pande zote kama watu walioitwa mkutanoni. Spidi sabini, mikono imekufa ganzi, moyo unaimba.

Hapo Bungu, ndani ya wilaya ileile ya Kibiti, nilipinda kushika njia ya vumbi ya Nyamisati, nikaangalie gati kabla ya kuendelea kusini. Sijafika mbali, nikaona mwanamke kasimama katikati ya njia. Kanga imemdondoka begani, hajali. Mkononi ana ungo.

Nilikanyaga breki zote mbili.

Hakunitazama mimi. Alitazama ekzosi.

"Zima," akasema.

Nikazima. Uani kwake walikuwepo wanawake wapata saba, wanachambua mchele kwenye majamvi. Wote mikono imesimama. Mwanamume mmoja akatoka mbio na panga la kukatia kuni.

"We bwana, hii umeitoa wapi?"

"Nimenunua, kaka."

"Umenunua kwa nani? Hii imezama na shemeji yangu! Umemwopoa maiti ukamwibia?"

Wakuu, kuna hofu nilizozisoma na kuna hofu niliyoiona siku ile. Watu walishaanza kutoka nyumba za jirani. Mgeni, peke yangu, nimekalia pikipiki ya marehemu.

Kwa maneno ya harakaharaka nikaelezwa. Mwanamke yule, Mwanahawa, ni mke wa Seif. Seif aliipakia pikipiki kwenye mtumbwi akavuka kwenda upande wa Mbwera kununua kaa. Mtumbwi ulikutwa kwenye mikoko umepinduka, matenga yanaelea. Walimtafuta, hawakumpata. Mwenye mtumbwi akasema tope la kule halirudishi kitu. Waliposubiri hadi wakachoka, masheikh wakaamua ahesabiwe amekufa. Hitima ikasomwa. Mwanahawa akakaa eda, miezi minne na siku kumi.

Na mchele ule? Ulikuwa wa harusi yake. Anaolewa Ijumaa.

Mimi nilikuwa nafikiria kichwa changu tu. Nikatoa mkataba, kadi, kisha simu. "Huyu hapa aliyeniuzia. Mwizi si mimi. Tazameni!"

Laiti ningejiuliza kwanza ninaonyesha nini.

Mwanahawa aliichukua simu. Akaikuza picha kwa vidole viwili, taratibu, kama anayemtoa mwenzake mchanga jichoni. Hakulia. Hakupiga kelele. Alisema neno moja:

"Kanenepa."

Ungo ukamponyoka.

Shangazi yake, bibi mwembamba mwenye sauti kubwa kuliko mwili, akaitazama picha akajishika mbavu. "Huyu? Huyu nimemsomea mpaka koo likanikauka! Leo anauza pikipiki!"

Yule wa panga, Shabani, kaka yake Mwanahawa, akanivuta ndani ya nyumba, wale wawili wakifuata. Akafunga dirisha.

"Futa hiyo picha," akaninong'oneza. "Walioiona ni sisi wanne tu; waliosikia nje tutawaambia shangazi kafananisha. Futa, uondoke. Ijumaa dada yangu aolewe."

Kidole changu kilikuwa tayari juu ya simu, wakuu. Sitawadanganya.

"Usifute," akasema Mwanahawa. "Nina mume hai, halafu niolewe? Unanipeleka wapi, kaka?" Akanigeukia. "Namba yake unayo?"

Ilikuwa kwenye mkataba. Nikapiga, nikaweka spika.

"Eeh mkuu! Vipi, mashine imegoma?"

"Seif."

Kwa mbali tukasikia mtoto mchanga analia na sauti ya kike ikimbembeleza.

"Mwanahawa... ngoja nikueleze..."

"Sikukuuliza habari. Nipe talaka yangu."

"Jamani, si tuzungumze kwanza..."

"We maiti, jibu!" akafoka shangazi.

Seif akaitamka. Kwa sauti ndogo, kama mtu anayeomba maji ya kunywa nyumba asiyoijua. Kisha akakata.

Shabani akashusha pumzi. "Alhamdulillah. Basi yamekwisha. Ijumaa iko palepale."

"Yamekwisha wapi?" shangazi akamjibu. "Na eda ya talaka?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Mwanahawa aliketi juu ya kitanda, akakunja vidole vitatu, kimoja kimoja. Tohara tatu, hedhi tatu zipite. Tangu leo.

"Mtu mmoja," akasema, "nimkalie eda mara mbili. Alipokufa, na alipofufuka."

Akanyanyuka hadi mlango wa uani. "Jamani, rudisheni mchele kwenye gunia. Bwana harusi nitamwambia mwenyewe. Akiweza kungoja, angoje."

Tulisikia mchele tu ukimiminwa.

Wakuu, katika riwaya yangu kuna sura niliyoipenda kuliko zote. Mpiganaji aliyedhaniwa kauawa kwa risasi za Wajerumani anarudi kijijini mkewe akiwa ameshamaliza eda, na vigelegele vinapigwa hadi milimani. Nimeichana. Nilikuwa sijui ninachokiandika. Kurudi kwa mtu si heri kwa kila aliyemlilia.

Kwa wanunuzi: tunafundishana kukagua chesisi na kadi, na ni sawa. Lakini muulize pia muuzaji kwa nini anauza, na akikwambia usipite mahali fulani, muulize pana nini. Seif alinionya mara mbili, mimi nikasikia mlio tu.

Naomba mnihukumu. Ile picha ningeificha? Asingejua, angeolewa, angeishi. Au nilifanya sawa kuionyesha, ingawa niliionyesha kwa woga tu? Wenye elimu ya ndoa, na kina dada hasa, semeni bila kunionea haya.

Nilipoaga nilimwambia pikipiki naiacha, ni haki yake.

"Ichukue," akasema. "Ila ikokote mpaka barabarani. Usiiwashe hapa."

Nikatoka. Nilikuwa sijamaliza kupandisha stendi, Mwanahawa akaurudisha mlango nyuma yangu, akasukuma komeo.