Meno ya Mbuzi wa Zongwe

Niliondoka nyumbani kwa sababu ya mavi ya mbuzi, na sioni haja ya kutafuta neno la adabu zaidi. Mke wangu, Mama Aline, ana bustani ya lengalenga, yaani mchicha, nyuma ya nyumba yetu hapa Kalemie, kando ya ziwa. Udongo umechoka, majani yanatoka ya njano, na kwa miaka miwili alikuwa akiomba tufuge mbuzi apate mbolea. Kwa miaka miwili nilimjibu: "Sisi ni watu wa samaki. Si desturi ya mababu." Kusema kweli ulikuwa uvivu wa kujenga zizi, lakini uvivu ukivishwa mababu huheshimika.

Ndipo tukasikia kwamba huko Zongwe, kijiji cha babu yangu, watu wanafukua kijiji cha kale cha karne nyingi zilizopita.

"Basi enda uwaulize hao mababu," mke wangu akasema. "Kama hawakukuwa na mbuzi, nanyamaza. Na kama walikuwa nayo?"

"Mbolea nitabeba mwenyewe, kichwani, mchana, watu wakiona!" nikaapa.

Asubuhi na mapema boti ya mbao ikanichukua kusini pamoja na abiria wengine, ikifuata ufuo. Kabla hatujafika nusu ya njia, nahodha na abiria wote walikwisha kusikia kinywani mwangu habari za ushindi wangu ambao sikuwa nao bado.

Zongwe tulifika alasiri. Shangazi yangu, Mama Sidonie, alinipokea kwa ugali na samaki wa mikebuka, na kesho yake akanipeleka penye mashimo. Mkuu wa kazi alikuwa Mama Régine, mchunguzi wa mambo ya kale, mpole kupita kiasi. Kwanza alinionyesha mifupa ya samaki. Nusura nicheze. Kisha jiwe la kusagia na punje za ulezi zilizoungua.

"Waliletewa na watu wa mlimani," nikasema.

Akanionyesha mifupa ya mbuzi.

"Nayo waliletewa. Walibadilisha na samaki."

Shangazi akakohoa. Mama Régine akafungua karatasi yenye vijino vichache.

"Hii njo meno ya utoto, Papa. Mbuzi anaangusha meno sawa mutoto wa muntu. Hii ilianguka hapa mu zizi, mbuzi yenyewe ingali inatembea. Nyama ya kuletwa haiangushi meno."

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mkono wangu ulitamani kutia jino moja mfukoni, kana kwamba likipotea moja mengine yatanyamaza. Shangazi akanikazia macho. Nikajikuna goti.

Mama Régine akanionyesha udongo mweusi uliotoka zizini na kutandazwa hadi palipolimwa ulezi.

"Walikuwa wanabeba mbolea?" nikauliza, sauti imepungua.

"Walikuwa wanabeba, Papa."

Hapo aibu ilinishika kweli. Akilini nilimwona Mama Aline ameinama juu ya majani yake ya njano, na mimi nimekaa kitini nawasemea wafu ambao hawakunituma.

Siku ya kurudi, Shangazi alinileta hadi botini akivuta mbuzi jike mwenye mimba. Zawadi kwa mke wangu. Mkono wa shangazi haukataliwi, hata ukishika kamba. Njiani yule mbuzi alinitafuna ukingo wa kofia, na nahodha, ambaye kwa bahati mbaya alikuwa yule yule, akauliza, "Papa wa samaki, huyu ni samaki gani?"

Nyumbani Mama Aline alimtazama mbuzi, akanitazama mimi. Hakucheka, na hilo lilinichoma zaidi.

"Mababu wanasema nini?"

"Wanakusalimia," nikajibu. "Na mimi naomba unisamehe."

Zizi nililijenga wiki ile ile. Mbuzi alipozaa na mavi yakatosha, nililijaza beseni, nikalitia kichwani, nikalizungusha mtaa mzima mchana kweupe kabla ya kulifikisha bustanini. Wavuvi wenzangu waliokuwa wakishona nyavu wakaziba pua.

"Papa Aline! Njo nini unabeba hiyo?"

Nikanyoosha shingo.

"Njo desturi ya mababu."